Mbwembwe za karata: mafungu manne bila kumwaga hata moja

Barua za safari hii zinafanana ombi. Wasomaji wanataka ule mkato wa mikono miwili ambao pakiti moja ya karata hufunguka ghafla ikawa mafungu manne au matano yaliyopangana hewani, kisha hujifunga ikawa pakiti ile ile. Tumezijibu kwa pamoja.

Tukubaliane majina kwanza. Shika pakiti kama unayetaka kugawa karata. Ukingo mfupi ulio upande wa kifua chako ni ukingo wa ndani, na ule wa mbali nawe ni ukingo wa nje. Kingo ndefu ni wa kushoto na wa kulia. Nafasi iliyo baina ya gumba na kidole cha shahada tunaiita panda ya gumba. Fungu ni sehemu yoyote ya pakiti inayoshikwa peke yake.

Wahariri, salaam. Nina karata za plastiki tunazochezea nyumbani. Nikizigawa mafungu zinanichomoka kama sabuni. Nibadilishe karata au nibadilishe mikono? — Mwanzo Mgumu

Badilisha karata. Plastiki tupu huteleza kupita kiasi na ina ukaidi: ukiikunja kidogo hurudi kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayolirusha fungu nje ya vidole. Tafuta karata za karatasi zenye vishimo vidogo vidogo usoni na mgongoni. Vishimo hivyo hubakiza hewa kidogo kati ya karata na karata, ndiyo maana huteleza kwa kiasi na bado hukaa pamoja fungu linapobanwa.

Ukubwa unaotumiwa na wengi ni ule wa poka, milimita 63 kwa 88. Ule wa briji una milimita 57 kwa 89. Toa majokeri yote mawili ubaki na karata 52, kwa sababu 52 inagawanyika kwa nne bila salio na hesabu hiyo tutaihitaji. Pakiti nzima ina unene wa milimita 15 hadi 16, hivyo robo yake, karata 13, ni kama milimita 4. Zoeza jicho na kidole kuutambua unene huo. Ni kipimo utakachokitumia kila mara utakapogawa.

Pakiti mpya huwa ngumu. Ichange mara nyingi, kisha ikunje taratibu, mara uso ukitazama ndani, mara mgongo ukitazama ndani, mpaka ilale sawa juu ya meza bila kubonyea upande wowote. Usiikunje upande mmoja tu. Pakiti iliyopinda hufunguka yenyewe pale usipotaka.

Shikamoo mhariri. Nimeitazama sana Sybil kwenye video lakini vidole vinachanganyikana mwanzoni kabisa. Je, niendelee kuikariri, au kuna ngazi ya kupandia kabla yake? — Mwanafunzi wa Jioni

Marahaba. Ngazi ipo, na tunakushauri uipande. Sybil, mkato wa mafungu mengi, ni kazi ya Mmarekani Chris Kenner, iliyochapishwa mwaka 1992, na mikato mingi ya mafungu inayoonekana leo imetokana nayo. Ugumu wake ni kwamba tangu mwanzo inakutaka ushike mafungu mawili kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukitwaa la tatu. Asiyewahi kushika hata mawili kwa utulivu atahangaika bure.

Anza na mikato miwili midogo.

Wa kwanza ni mkato wa mkono mmoja uitwao Charlier, ambao umekuwapo tangu karne ya 19. Kiganja cha kushoto kikitazama juu, inua pakiti hadi kwenye ncha za vidole: gumba kwenye ukingo mrefu wa kushoto, kidole cha kati na cha pete kwenye ukingo wa kulia, na kidole kidogo kikizuia ukingo mfupi wa ndani. Legeza gumba ili nusu ya chini ifunguke upande wa gumba na kuangukia kiganjani, huku upande wake wa kulia ukibaki kwenye vidole. Sasa ingiza kidole cha shahada chini ya nusu hiyo uisukume juu kuelekea gumba. Gumba lirudi nyuma kidogo, kingo za kushoto za mafungu mawili zipishane, na nusu ya juu iteremke ikalie kidole cha shahada. Shusha kidole hicho, funga. Wengi hukwama pale kwenye kupishana, kwa kuwa pakiti imekaa chini mno kiganjani. Ikiinuliwa hadi kwenye ncha, nafasi hupatikana.

Wa pili ni mkato wa kuzungusha. Mkono wa kulia unashika pakiti kutoka juu: gumba kwenye ukingo wa ndani, kidole cha kati na cha pete kwenye ukingo wa nje karibu na kona ya kulia. Kidole cha shahada kinakwenda kwenye kona ya nje ya kushoto, kinainua nusu ya karata na kuizungusha kushoto. Gumba halihami, maana ndilo mhimili wa mzunguko. Fungu linalozunguka linaingia kwenye panda ya gumba la kushoto, kisha fungu lililobaki kulia linawekwa juu yake.

Ukiweza kuufanya mkato huu wa kuzungusha bila kutazama mikono, njoo kwenye jibu linalofuata.

Naomba hatua kwa hatua za mkato mmoja wa mafungu manne. Usiruke kitu hata kama ni kirefu. — Mpenda Uru

Karibu. Mkato huu umejengwa juu ya mkato wa kuzungusha na ni wa kuonyesha: mwishowe mafungu manne yanakaa ghorofa nne, mawili ya mkono wa kushoto na mawili ya kulia, yakiwa yamepishana.

Kabla hujaanza, panga pakiti kwa rangi zake. Ikiwa migongo inatazama juu, kopa zote 13 ziwe juu kabisa, zifuatwe na uru, kisha shupaza, na pau chini. Kila fungu litakuwa rangi moja, na karata yoyote itakayopotea njia utaijua ilitoka wapi. Keti mbele ya kitanda au meza iliyotandikwa kitambaa kinene, ili karata zinazoanguka zisipige kona kwenye sakafu.

Mkono wa kulia ushike kutoka juu kama ulivyozoea. Kidole cha shahada kiinue milimita 4 za juu, yaani kopa, kwenye kona ya nje ya kushoto, na kuzizungusha kushoto. Mkono wa kushoto unangoja pale ukiwa wazi, kiganja juu. Kopa ziingie kwenye panda ya gumba mpaka ukingo wao mrefu uguse ngozi. Ziachwe pale. Gumba la kushoto lilale juu yake likiwa limenyooka, bila kukandamiza kwa ncha. Kinachobeba fungu hili ni panda yenyewe, inayobana ukingo wake mrefu wa kushoto. Ukikandamiza kwa ncha ya gumba, upande wa kulia wa fungu utainama na kukuzibia njia ya hatua ijayo.

Mkono wa kulia sasa una karata 39. Uingize chini ya kopa, juu ya vidole vya kushoto vilivyonyoshwa. Gumba la kulia liachie milimita 4 za chini kwenye ukingo wa ndani, ufa mdogo utokee. Hizo ni pau. Kidole cha kati na cha pete vya kushoto vizishike kwenye ukingo mrefu wa kulia na kuziteremsha kiganjani. Mara tu zinapotua, ncha ya kidole cha shahada cha kushoto izuie ukingo wao wa nje na kidole kidogo kizuie ukingo wa ndani. Hiyo ni boma ya pande tatu, na kiganja ni upande wa nne. Tusisitize hapa: kidole kidogo kikisahauliwa, pau zitateleza kuelekea kifuani mwako.

Ondoa mkono wa kulia ukiwa na karata 26, uru juu ya shupaza. Wakati huo huo gumba la kushoto liinuke, ili kati ya kopa na pau iwepo nafasi ya sentimita 2 au 3.

Sasa kazi ya mkono wa kulia peke yake. Kidole cha shahada kiinue uru kwenye kona ya nje ya kushoto na kuzifungua kushoto, kama unarudia mkato wa kuzungusha, ila safari hii fungu haliachwi. Linabaki limeshikwa kati ya shahada na gumba, huku shupaza zikishikwa kati ya kidole cha kati na gumba hilo hilo. Kwa kuwa gumba linatazama chini, shupaza zinakaa kwenye ncha yake na uru zinakaa juu kidogo, kwenye nyama ya gumba. Fungua mpaka mafungu mawili yatengane kama nyuzi 45 upande wa nje. Upande wa ndani yanakutana gumbani.

Rudisha mkono wa kulia kushoto. Shupaza ziingie katika nafasi iliyo kati ya kopa na pau. Uru zipite juu ya kopa. Simama hapo. Ukihesabu kutoka juu unapaswa kuona uru, kopa, shupaza, pau, na kati ya kila fungu kuwe na mwanga. Hii ndiyo picha ya mkato, na yote yaliyotangulia yalikuwa ya kuifikia.

Kufunga kunakwenda kutoka chini. Kidole cha kati cha kulia kiachie shupaza kwanza upande wa nje, kisha ncha ya gumba iachie upande wa ndani; ziangukie pau. Gumba la kushoto lishushe kopa juu ya shupaza. Mkono wa kulia uteremshe uru juu ya zote. Linganisha kingo.

Tandaza pakiti mezani. Ikiwa sawa, utakuta uru, kopa, shupaza na pau kwa mpangilio huo, na kila rangi imekamilika. Ukirudia mkato, kopa na uru zitabadilishana tena na pakiti itarudi ilivyokuwa. Karata mbili au tatu zikihama si neno. Zikihama sita, tazama ni fungu gani limezidi: ukikuta uru nyingi kwenye fungu la kopa, kidole cha shahada kiliinua unene kupita kiasi katika hatua ya kwanza. Ukisimama kwenye picha, ukalikagua fungu la pau na kukuta shupaza ndani yake, gumba la kulia liliachia nyingi.

Nimefika mpaka mkono wa kulia unapofungua mafungu mawili, na hapo lile la chini humwagika kila mara. Nimejaribu kubana zaidi lakini inazidi kuwa mbaya. — Mwagaji

Kubana zaidi ndiko kunakoliua. Fungu limeshikwa kwa kingo zake fupi mbili, gumba ndani na kidole cha kati nje. Ukiongeza nguvu, karata zinapinda katikati, zinahifadhi nguvu kama kipande cha mti kilichokunjwa, na mara kidole kimoja kinapotikisika zinaruka. Wapo wanaorusha karata kutoka mkono mmoja hadi mwingine kwa makusudi, na hutumia nguvu hii hii.

Jipime hivi. Shika shupaza 13 peke yake kati ya gumba na kidole cha kati, kisha punguza nguvu mpaka karata ya chini kabisa inakaribia kuanguka. Ongeza kidogo tu juu ya hapo. Fungu linapaswa kubaki bapa. Ukilitazama kwa upande ukaona limebonyea, bado unabana.

Kuna chanzo cha pili, nacho kimejificha zaidi. Shahada inapofungua uru, gumba nalo hutamani kuzunguka. Likizunguka hata kidogo, ukingo wa ndani wa shupaza unabaki bila mlinzi. Zoezi lake: weka mkono ukiwa na mafungu mawili juu ya meza, ncha ya gumba ikigusa ubao, ufungue na kufunga uru mara ishirini huku ncha hiyo haijasogea. Ubao utakwambia mara moja gumba likihama.

Na kama baada ya hayo bado linamwagika, rudi nyuma hatua moja. Mara nyingi fungu linalomwagika hapa lilishikwa vibaya tangu pau zilipoachiwa: gumba la kulia lilipofanya ufa, lilijirekebisha likakaa kwenye kona badala ya kubaki lilipokuwa. Katika mikato ya mafungu mengi karata huanguka mahali pamoja na kosa hufanyika mahali pengine, kwa kawaida kabla ya hapo. Kila unapomwaga, kabla hujainama kuokota, taja kwa sauti kidole kipi kilikuwa wapi katika hatua iliyotangulia.

Mwanangu ana miaka 11 na anazipenda mno mbwembwe hizi, ila analia kwamba mikono yake ni midogo. Tumnunulie karata nyembamba za briji? — Mama Mtu

Mama, hongera kwa kumsikiliza. Karata za briji zitamsaidia nusu ya safari. Upana wake ni milimita 57 badala ya 63, hivyo Charlier, inayoshikwa kwa upana, itakuwa nyepesi zaidi. Lakini urefu ni ule ule takriban, na mkato wa mafungu manne unashikwa kwa urefu. Hapo upana haumfai kitu.

Kinachomfaa zaidi ni kupunguza unene. Mpe karata 36, mafungu ya tisa tisa. Fungu jembamba linahitaji nguvu ndogo, nalo gumba lake litaweza kubeba mawili bila kutanuka. Akitulia, aongezewe karata nne kwa mara moja, moja kila fungu: 40, 44, 48, mpaka 52. Akifika 44 akaanza kumwaga upya, arudi 40 kwa siku kadhaa. Asiharakishwe.

Mimi natumia mkono wa kushoto. Nigeuze maelezo yote? — Shoto

Geuza yote: kulia iwe kushoto na kushoto iwe kulia, pamoja na kona. Alama za karata kwenye kona hazina uzito hapa, kwa kuwa migongo ndiyo inayotazama juu. Ila jaribu kwanza mara chache kama yalivyoandikwa. Katika mkato huu mikono yote miwili ina kazi nzito, na baadhi ya wenye shoto huona panda ya gumba la kushoto inawatii vizuri zaidi.

Naweza mkato wote bila kumwaga. Tatizo, watu wanasema wanaona hatua saba zimeunganishwa, hawaoni mkato mmoja. Niongeze kasi? — Karibu Nifike

Kasi itaficha vituo kwa muda, kisha itavirudisha pamoja na karata sakafuni. Unachokosa ni hatua kuingiliana. Yapo maeneo matatu ambapo mkono mmoja unapaswa kuanza kabla mwenzake hajamaliza. Vidole vya kushoto vinapoteremsha pau, gumba la kushoto liwe tayari linainua kopa. Mkono wa kulia unapotoka na karata 26, shahada ianze kufungua uru ukiwa njiani, isingoje mkono usimame. Na mkono wa kulia unaporudi, wa kushoto uje kumpokea, ili mikono ikutane katikati ya kifua.

Tumia programu ya kupiga mapigo kwenye simu. Iweke mapigo 60 kwa dakika, kila hatua pigo moja. Ukishazoea usipandishe mapigo. Badala yake unganisha hatua mbili ziingie katika pigo moja, uanze na hizo jozi tatu. Hapo mkato utafupika wenyewe, na bado utaonekana umetulia.

Halafu angalia pembe. Mtazamaji hufurahia mwanga ulio kati ya mafungu kuliko mafungu yenyewe. Ukishika chini tumboni, anayekutazama akiwa amesimama anaona mgongo wa fungu la juu tu na yaliyo chini yanafichika. Pandisha mikono hadi usawa wa kifua na uelekeze kingo za nje kwake, ili aone ghorofa zote nne kwa mara moja. Jirekodi kwa simu iliyowekwa kwenye usawa wa macho ya mtazamaji, kwa mwendo wa polepole wa fremu 120 kwa sekunde kama simu inaweza. Kioo kina kasoro yake: unapojitazama unainua mikono kukifuata, na pembe inaharibika bila wewe kujua.

Jambo la mwisho kwako, simama kwenye picha. Ghorofa nne zikishatokea, zipe nusu sekunde. Wanaoanza huifikia picha na kuibomoa papo hapo kwa hofu ya kumwaga, na mtazamaji anabaki hajui alichokiona.

Mikono yangu hutoka jasho, karata zinagandana baada ya siku chache. Nipake poda? — J.

Hapana. Poda ya mwilini huingia kwenye vishimo vya karata, hushikana na jasho na kuwa tope jembamba. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, ungoje dakika chache kabla ya kushika, na usipake mafuta wala losheni kabla ya mazoezi. Futa karata kwa kitambaa laini kikavu, moja moja, hasa kingo. Uwe na pakiti mbili za kupokezana, na kila unapomaliza irudishe pakiti kwenye boksi lake, kwani karatasi hunywa unyevu wa hewa, huvimba na kupinda.

Gumba linaniuma chini, pale linapoungana na kiganja. Ni dalili ya kukomaa? — Mvumilivu

Si dalili ya kukomaa. Mshiko wa kutoka juu unalilazimisha gumba kubana likiwa limetanuka, na misuli ya shina lake huchoka haraka. Mazoezi ya dakika 15 yafuatwe na mapumziko ya angalau urefu huo huo; fungua kiganja, nyosha vidole, zungusha viwiko vya mikono. Maumivu yakiwapo bado kesho yake, acha karata mpaka yaishe. Ukipata ganzi au kuchomwachomwa kwenye vidole, acha na umwone daktari. Na soma tena jibu tulilompa Mwagaji, kwa sababu anayeumwa gumba mara nyingi ndiye anayebana kupita haja.

Manne nimeyamudu. La tano linaingia wapi? — Mpenda Uru, tena

Linaingia mkono wa kulia, chini ya shupaza. Hapo sasa gumba moja litabeba mafungu matatu: la juu na shahada, la pili na kidole cha kati, la tatu na kidole cha pete. Ugawaji ubadilike: mafungu matatu ya karata 10 na mawili ya 11. Hayo ya 11 yawe la kwanza na la mwisho, yale ya mkono wa kushoto, kwa sababu yanashikwa kwa urahisi zaidi. Rangi hazitakusaidia tena kuhesabu, hivyo geuza karata ya chini ya kila fungu itazame juu. Ukitandaza baadaye, karata hizo tano zitakuonyesha mipaka.

Ugumu uko kwenye kidole cha pete. Msuli unaokunja ncha za kidole cha kati, cha pete na kidogo umeshikamana, ndiyo maana kimoja kikisogea jirani hufuata. Kwa hiyo usikitake kidole cha pete kilivute fungu chini kwa nguvu zake. Gumba lifanye ufa kwanza, kama lilivyofanya kwa pau, kwa kuachia milimita 3 za chini, ila safari hii lizidake tena kwa ncha yake. Kidole cha pete kitelemke na fungu ambalo tayari limetengana, kikibaki kimenyooka, huku cha kati kikibaki kimekunjwa kidogo. Ukishaingia kwenye picha, mafungu yote mawili ya chini yanakaa kati ya la kwanza na la mwisho, na yanaachiwa kwa kufuatana: la kidole cha pete, kisha la kidole cha kati.

Mwanzoni lipe fungu hilo la tano karata 5 au 6 tu, uzibakize zilizosalia kwenye fungu la kidole cha kati. Kidole cha pete kikiacha kutikisika unapofungua la juu, ongeza karata moja moja mpaka zifike 10.